Ndevu kwa Mwanamke: Si Mkosi, Wala Si Jambo la Kufichwa

Mji wa Ifakara unajulikana mbali kwa mambo mawili: mpunga wa bonde la mto Kilombero, na utafiti wa malaria uliochipuka katika maabara ndogo ya Waswisi ya miaka ya 1950. Wakazi wake wamezoea kuulizwa habari za homa, kupimwa damu na kuhesabiwa vyandarua. Lakini liko jambo moja la mwili ambalo ni nadra kuulizwa, na wenye kusumbuliwa nalo hawalisemi hata kwa dada zao. Jambo hilo ni ndevu zinazoota kidevuni, mashavuni au juu ya mdomo wa mwanamke.

Huenda msomaji akacheka. Na acheke, kisha asome. Wataalamu wanakadiria kuwa katika kila wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, kati ya 5 na 10 huota nywele nzito mahali ambapo kwa kawaida huota kwa wanaume. Kwa hesabu hiyo, katika mtaa, katika kiwanda, katika kwaya na katika kikundi cha kufa na kuzikana, hakosi kuwamo mmoja au zaidi. Hatumtambui kwa kuwa huamka kabla ya wengine, akajifungia na wembe, kisha akatoka amejitanda kanga hadi kidevuni.

ZINATOKA WAPI?

Kila mwanamke ana malaika usoni, laini na hafifu. Damu ya mwanamke, kama ilivyo ya mwanamume, ina homoni ziitwazo androjeni. Tofauti yao ni kipimo tu. Kipimo kikizidi, au ngozi ikiwa nyepesi kuitikia homoni hizo, malaika hugeuka kuwa nywele nene na nyeusi. Kwa baadhi ya wanawake huu ni urithi mtupu: bibi alikuwa nazo, mama anazo, na binti amezipata, wala hapana ugonjwa wowote. Kwa wengine hali hii huja wakati hedhi inapokoma, homoni za kike zinapopungua mwilini.

Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote ni hitilafu ya ovari, ambayo huyafanya mayai yasipevuke kwa wakati wake. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliieleza hitilafu hiyo mwaka 1935. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wa hao hawajui kuwa wanayo. Dalili zake, mbali na ndevu, ni hedhi kupitisha miezi bila kuonekana, chunusi, mwili kunenepa, na kuchelewa kushika mimba.

Tuchukue mfano wa mke kijana wa Mlimba au Mang'ula. Ameolewa miaka mitatu, hajapata mtoto, na kidevu chake kimeanza kuota. Mawifi wananong'ona kuwa amerogwa, au kwamba ni mwanamke jina tu. Anapelekwa kwa mganga huyu, kisha kwa yule, na magunia ya mpunga wa msimu yanauzwa ili kulipia ada. Kumbe ndevu zile na kukosa mtoto kule ni matawi mawili ya mti mmoja, na mti huo hospitali inaujua. Wengi wenye hitilafu hii huzaa wakitibiwa. Kwa hiyo kinachomwumiza mama huyu si nywele za kidevuni, bali ni miaka inayopita bila ya kumwona daktari.

MKOROGO NA DAWA

Iko sababu nyingine ambayo hujitakia wenyewe. Krimu nyingi zinazochanganywa kuwa mkorogo huwa na steroidi, dawa kali iliyotengenezwa kwa maradhi ya ngozi. Ikipakwa usoni kila siku, huifanya ngozi kuwa nyembamba na huotesha nywele. Basi dada aliyetaka weupe huamka siku moja na ndevu, naye huongeza mkorogo ili kuficha madhara ya mkorogo! Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku nchini, lakini marufuku hayafiki mbali iwapo mnunuzi mwenyewe anavitafuta chini ya meza.

Zipo pia dawa za hospitali zenye athari hiyo. Milimani Mahenge, juu ya bonde hili, kifafa kimekuwa tatizo la miaka mingi, na ndiko Dokta Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikoanzisha kliniki ya ugonjwa huo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mojawapo ya dawa za kifafa, fenitoini, huweza kuotesha nywele usoni. Binti anayeliona jambo hilo asithubutu kuacha vidonge kwa aibu, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma likamwua. Na amweleze daktari, ambaye anaweza kumbadilishia dawa. Zamani safari ya kutoka Ulanga hadi Ifakara ilitegemea kivuko; tangu Daraja la Magufuli lilipozinduliwa mwaka 2018, mto si kisingizio tena.

NAMNA YA KUZIONDOA

Wengi wanaogopa wembe wakiamini kuwa nywele iliyonyolewa hurudi nene zaidi. Si kweli. Mtaalamu Mildred Trotter wa Marekani alilichunguza jambo hili mwaka 1928, akaona kuwa kunyoa hakubadili unene wala kasi ya nywele. Hatari ya wembe ni kuazimana, kwa sababu damu kidogo yatosha kupitisha virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Kila mtu awe na wake.

Kibano, uzi, majivu, na ule mchanganyiko wa sukari na ndimu uliochemshwa, hung'oa nywele na shina lake, hivyo uso hukaa safi kwa majuma kadhaa. Lakini nywele zetu ni za kujisokota. Zikichipua upya hupinda na kuingia ngozini, zikaleta vipele na mabaka meusi. Mwenye kuona vipele apumzike kwanza. Mashine za mwanga zipatikanazo katika miji mikubwa husaidia, ila isiyofaa ngozi nyeusi huunguza. Muulizeni mwenye mashine kabla ya kutoa fedha.

Vidonge vya kurekebisha homoni navyo vipo, lakini vinataka subira ya miezi sita au zaidi, na baadhi yake humdhuru mtoto aliye tumboni. Havinunuliwi kwa kuigana. Kwa mama mnene, kupunguza uzito hata kidogo husaidia kuirudisha hedhi katika utaratibu wake.

Nywele zikiota kwa ghafla katika miezi michache, sauti ikawa nzito na upara ukaanza kwenye paji la uso, asingoje. Huenda ni uvimbe katika ovari au katika tezi zilizo juu ya figo.

Wako wanaouliza kama dini inaruhusu kuziondoa. Kwa Waislamu, wanavyuoni wengi wanaona kuwa katazo linalojulikana ni la kunyonyoa nyusi; ama ndevu za mwanamke, Imamu Nawawi wa karne ya 13 alisema kuziondoa ni jambo la kupendeza.

Linabaki jukumu letu sisi wengine. Mume anayegundua siri ya mkewe asimtangaze wala asimcheke, bali amsindikize hospitali, naye mwenyewe akubali kupimwa ikiwa mtoto hajapatikana. Wauguzi wa kliniki za akina mama nao waulize habari za hedhi na nywele kwa faragha na kwa heshima. Na wewe dada unayefunga mlango alfajiri, wazee walikwisha kusema: mficha uchi hazai.