PUNGUZA KITAMBI, USIPUNGUZE NGUVU

Ndugu mfanyakazi, mtu akiona mkanda umeanza kumbana, mara nyingi huamua jambo moja: kuacha kula. Asubuhi chai tupu, mchana hupita hivi hivi. Baada ya wiki chache mizani yaonyesha amepungua, naye hufurahi. Lakini je, amepunguza nini?

Mwili unaonyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake. Hula na misuli. Nayo misuli ndiyo mtaji wetu: ndiyo inyanyuayo gunia na kusukuma toroli. Aliyepoteza kitambi pamoja na misuli amepata hasara.

Njia iliyo bora ina pande mbili.

Kwanza, chakula. Punguza kidogo kidogo, yapata nusu kilo ya uzito kwa wiki. Anza na sukari na vyakula vya kukaanga, kwa maana gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na ya wanga 4. Anywaye vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekula karibu gramu 50 za sukari. Ugali upungue, lakini maharage, dagaa na mayai yasipungue, kwani yana protini, ambayo hujenga misuli.

Pili, mazoezi ya nguvu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki. Si lazima vyuma. Chuchumaa na kusimama. Lala kifudifudi ujiinue kwa mikono. Nyanyua ndoo ya mchanga. Ukizoea, ongeza uzito. Mwenye kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Ushauri huu wamhusu hasa akaaye kutwa kwenye mashine. Mchuma chai abebaye kikapu mlimani amekwisha fanya mazoezi. Anachohitaji ni chakula cha kutosha na usingizi.

Tena, jambo hili si la mtu mmoja. Kantini ikiuza mandazi na soda tu, mfanyakazi atachagua nini? Pendekezo Na. 102 la mwaka 1956 la Shirika la Kazi Duniani lahusu mahali pa wafanyakazi kula, kupumzika na kujiburudisha. Matawi ya chama yalitumie yanapozungumza na waajiri, wanachama wapate sahani ya maharage mchana na kiwanja cha michezo jioni.

Nguvu zako ndizo riziki yako. Zilinde.