CHUMVI YA CHUMA: DAWA KATIKA KIDONGE, HATARI KATIKA MAJI



Mtu aliyelelewa Mvara, jirani na mji wa Arua, huenda hajapata kuuona mgodi wa shaba maishani mwake. Hata hivyo chumvi ya chuma anaijua, kwa maana ndiyo iliyomo katika vidonge vingi vya kuongeza damu ambavyo akina mama wajawazito hupewa zahanati. Jina lake la kitaalamu ni salfeti ya chuma. Yafaa tuichunguze, kwa sababu askari hajichagulii kituo: leo yuko Arua au Koboko, kesho amehamishiwa Kasese, na huko chumvi za jamii hiyo zina sura nyingine.

Chumvi hiyo ikipatikana ardhini huitwa melanteriti. Ni madini laini ya rangi ya kijani, yenye ugumu wa 2 tu katika kipimo cha 1 hadi 10, na huyeyuka majini upesi. Karibu asilimia 45 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Jina lake lina asili ya Kigiriki, nalo lahusu weusi, kwani zamani chumvi hii ilitumika kutengenezea wino mweusi wa maandishi.

Wataalamu huziainisha salfeti za chuma kwa kuuliza maswali mawili. La kwanza, atomu ya chuma imepoteza elektroni 2 au 3? La pili, fuwele imebeba maji kiasi gani? Katika melanteriti, chuma kimepoteza elektroni 2, na kila atomu yake huandamana na molekuli 7 za maji. Ikikaa katika hewa kavu hugeuka unga mweupe uitwao rozeniti, wenye molekuli 4. Ikizidi kukauka huwa somolnokiti, yenye molekuli 1. Katika jarositi, chuma kimepoteza elektroni 3. Hiyo ni ya manjano au hudhurungi, ina potasiamu, na maji ya kawaida hayaiyeyushi kwa urahisi. Jina lake latokana na korongo la Jaroso nchini Hispania. Mwaka 2004 chombo cha Marekani kiitwacho Opportunity kiliikuta katika sayari ya Mirihi, ikawa ushahidi kwamba zamani huko kulikuwa na maji yenye asidi.

Sasa twende Kasese. Mgodi wa Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, ulitoa shaba kuanzia mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pairiti yenye kobalti, ambayo ni mchanganyiko wa chuma na salfa, ilirundikwa karibu na mji wa Kasese, ikafikia takriban tani 1,000,000. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kuitoa kobalti hiyo kwa msaada wa bakteria. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo mvua ilikwisha kulipiga rundo hilo. Pairiti ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfa na salfeti za chuma. Maji hayo yalitiririka katika Mbuga ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George, yakaacha ukanda wa ardhi tupu isiyoota majani.

Hapa ndipo ainisho lile linapomfaa askari. Mahali pa namna hiyo, wakati wa kiangazi, salfeti za chuma huganda juu ya udongo kama ukoko mweupe, wa kijani au wa manjano. Zile zinazoyeyuka huwa ghala la asidi, na pengine la shaba na kobalti pia. Mvua ya kwanza ikinyesha, ghala lote hufunguka kwa mara moja, na kijito huwa kikali kuliko siku nyingine zote.

Basi, ndugu askari, ukiwa doria karibu na mabaki ya mgodi, usiyanywe maji ya kijito chenye tope la manjano au jekundu, hata yakiwa maangavu juu. Kuyachemsha huua vijidudu, bali hakuondoi metali. Ukoko wa ardhini usiuonje kwa kudhani ni chumvi ya chakula. Na nyumbani kambini, vidonge vya damu viwekwe mbali na watoto: kidonge cha miligramu 300 chenye chumvi hii ya kijani kina miligramu 60 za chuma, na mtoto mdogo akimeza vingi vyaweza kumwua.