Mtoto Akikataa Kitanda Chake: Njia Salama za Kumlaza Usiku

Ni saa nane za usiku. Katika nyumba nyingi za Tezo hali hii inajulikana. Mtoto wa miezi miwili amenyonya, ameshiba, na usingizi umemchukua akiwa mikononi mwa mama. Akiwekwa tu kwenye kitanda chake kidogo cha mbao, anafumbua macho na kulia. Akirudishwa kifuani, kimya. Baada ya mara tatu au nne, mama anaegemea kochi akiwa amempakata, akisema atapumzika kidogo tu. Naye pia usingizi unamchukua.

Hapo ndipo hatari ilipo. Wazazi wengi hudhani uamuzi ni kati ya kitanda cha mtoto na kitanda cha mama. Lakini mahali pabaya kuliko yote ni pale ambapo hakuna aliyepachagua: kwenye kochi au kiti, mzazi akiwa hoi. Mtoto huteleza kati ya mwili wa mzazi na mto wa kochi, pua ikazibwa, wala hana nguvu ya kugeuza kichwa. Anaweza kukosa hewa bila kutoa sauti. Kwa hivyo ni muhimu familia iamue kabla ya giza kuingia mtoto atalala wapi, na atalala wapi akikataa.

Kwa nini anakataa

Kukataa kitanda si ujeuri, wala si dalili kwamba mtoto amedekezwa. Miezi tisa alikaa mahali penye joto, akitikiswa na mwendo wa mama na kusikia moyo wake ukipiga. Kitanda kimetulia, ni baridi na hakina harufu anayoijua. Tumbo lake pia ni dogo, hivyo huamka kila baada ya saa mbili au tatu kunyonya. Kuamka huko ni kwa kawaida.

Mambo yasiyobadilika popote alalapo

Alale chali, mchana na usiku, hadi atimize mwaka mmoja. Wazee wengi huhofia kwamba mtoto anayelala chali atapaliwa akicheua. Maumbile yenyewe yanamlinda: akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yakirudi huwa rahisi kuyameza tena. Akilala kifudifudi, mpangilio huo hugeuka. Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Vifo hivyo hutokea zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne, na vingi sana hutokea kabla ya miezi sita.

Alale mahali pagumu na tambarare, pasipo mto, blanketi zito wala wanasesere. Uso na kichwa viwe wazi. Joto la pwani, hasa kuanzia Januari hadi Machi, halihitaji sweta na kofia ndani ya nyumba. Mguse kifuani au shingoni nyuma. Akiwa na jasho, mpunguzie nguo.

Chumba kisiwe na moshi wa sigara, na jiko la makaa lisiachwe likiwaka ndani wakati watu wamelala. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua wakubwa kwa wadogo.

Na alale ndani ya chandarua chenye dawa. Hili Kilifi inalijua vizuri. Utafiti uliofanywa katika eneo hili kati ya 1993 na 1995 na wataalamu wa KEMRI ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa asilimia 33, na kulazwa hospitalini kwa malaria kali kwa asilimia 44.

Nyumba yenye chandarua kimoja

Ushauri unaotolewa na wataalamu wa watoto katika nchi nyingi ni mtoto alale chumba kimoja na mama, lakini kwenye kitanda chake, angalau kwa miezi sita ya kwanza. Ni ushauri mzuri, na mwenye uwezo aufuate. Lakini nyumba ikiwa na chandarua kimoja, kumtoa mtoto nje yake ili tu alale peke yake ni kumwepusha na hatari moja na kumtia katika nyingine. Jambo la kwanza ni kuuliza kliniki, ambako vyandarua hutolewa kwa wajawazito na watoto wa chini ya mwaka mmoja. Jambo la pili ni kusogeza kitanda cha mtoto hadi kiguse kile cha mama, ili chandarua kipana kifunike vyote viwili, bila kuacha mwanya katikati.

Ipo njia nyingine ya kati. Huko New Zealand, jamii ya Wamaori hufuma kitanda kidogo kiitwacho wahakura, chenye kuta fupi, ambacho huwekwa juu ya kitanda cha mama. Mtoto huwa karibu, lakini ana nafasi yake ambayo mwili wa mtu mzima hauifikii. Wafumaji wa mikeka na vikapu wa pwani wanaweza kulielewa wazo hilo mara moja. Anayetaka kulijaribu ahakikishe sakafu yake ni ngumu na tambarare, na amwonyeshe muuguzi kabla ya kumlaza mtoto.

Akilala kitanda kimoja na mama

Akina mama wengi hulala na watoto wao, na mtoto aliye karibu hunyonya kwa urahisi. Kunyonyesha nako hupunguza hatari ya vifo vya ghafla. Hata hivyo, kulala pamoja kuna hatari zake, na kuna nyakati ambapo haifai kabisa:

• Mama au baba akiwa amekunywa mnazi au pombe nyingine, au ametumia dawa inayoleta usingizi.
• Mmoja wao akiwa anavuta sigara, hata kama havutii ndani.
• Mtoto akiwa alizaliwa kabla ya wiki 37 au na uzito wa chini ya kilo 2.5. Huyu mama amshike kifuani, ngozi kwa ngozi, kama alivyofundishwa na wauguzi, akiwa macho. Akisinzia, mtoto alazwe mahali pake.

Pasipo na hayo, mtoto alazwe chali upande wa mama, mbali na mito na shuka zao. Ndugu zake wasilale karibu naye. Kitanda kisiwe na mwanya kati yake na ukuta.

Kitanda cha kamba kinahitaji uangalifu zaidi. Kamba zikilegea, katikati hubonyea na mtoto huviringika hadi kwenye mwili wa mama. Zikazwe, au godoro gumu litandikwe chini juu ya mkeka. Anayelala chini achomeke chandarua chini ya godoro pande zote, kuzuia mbu na wadudu watambaao.

Kumzoesha kitanda chake

Kitanda kinachotengenezwa na fundi kipimwe kwanza. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6. Kopo la soda likipita, nafasi ni kubwa mno. Godoro lijae kitanda, pembeni pasiingie zaidi ya vidole viwili.

Kisha anza na usingizi wa mchana. Leso ambayo mama ameivaa itandikwe juu ya godoro na kuchomekwa imara, ili mtoto apate harufu anayoijua. Mlaze akiwa anasinzia, miguu ikitangulia, kisha makalio, kichwa mwisho. Mwekee mkono kifuani dakika chache kabla ya kuuondoa. Akilia, mchukue, mtulize, jaribu tena. Wengine huzoea kwa siku chache, wengine kwa wiki kadhaa. Asipewe dawa ya mafua au kikohozi ili alale.

Baba na nyanya pia wana kazi hapa. Mama aliyepokewa mtoto kwa saa mbili jioni akalala, hatalemewa na usingizi kochini saa nane. Na mama anayehofia kusinzia akinyonyesha, anyonyeshee kwenye kitanda kilichotayarishwa, si kwenye kiti.

Wakati wa kwenda hospitali

Mtoto aliyekuwa akilala vizuri akabadilika ghafla huenda ni mgonjwa. Apelekwe kituo cha afya mara moja akiacha kunyonya, akipata degedege, mwili ukiwa moto au baridi isivyo kawaida, akilegea, au akipumua kwa shida. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari.

Kwa maswali mengine, wazazi wamuulize muuguzi siku ya kliniki au mhudumu wa afya ya jamii anapotembelea nyumba. Anaweza kuingia chumbani, akatazama kitanda, kamba na chandarua, na kusaidia familia kuchagua mahali pa mtoto kabla usiku haujaingia.