Bahari Isiyopwa

Ukimwuliza mtu wa Mombasa alikokwenda likizo utotoni, aghalabu atakutajia Lamu kwa shangazi, au Takaungu, au shamba la babu huko Kisauni. Sisi tulikuwa kinyume cha watu. Tangu 1958 hadi 1963, kila mwezi wa Agosti, nyumba yetu nzima ilifunga virago, ikaipa bahari kisogo na kwenda kupumzika ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Sababu yake ilikuwa kazi ya marehemu baba. Alikuwa karani bandarini Kilindini, na zama hizo reli, bandari na hata meli za ziwani zote zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika ya Mashariki. Mfanyakazi akipata likizo alipewa pasi ya garimoshi, yeye na jamaa zake. Wenzake waliitumia kwenda kutembea Nairobi. Baba aliitumia kwenda kumtazama nduguye, ami yetu, aliyekuwa baharia wa meli za ziwani na kuoa Kendu Bay, mji mdogo wenye Waislamu wa tangu zamani.

Safari ilikuwa ya siku mbili. Usiku wa kwanza twalala garimoshini, alfajiri twaamkia Nairobi. Usiku wa pili twapanda milima ya Mau, baridi hiyo, watoto wanne ndani ya blanketi moja, na asubuhi twateremka Kisumu. Mama alibeba mahamri na kababu za njiani, na kikapu cha nazi ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kutoka Kisumu twavuka ghuba kwa meli.

Kibanda cha ami kilikuwa nje ya mji, kuta za udongo, paa la nyasi, mikeka ya mafunjo. Kutoka mlangoni hadi majini zilikuwa hatua thelathini. Nilizihesabu mimi mwenyewe. Haya yote yalikuwa juu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari yetu, jambo ambalo kwa mtoto wa Mji wa Kale halikuingia akilini hata kidogo. Maji mengi kiasi kile, mpaka ng'ambo huioni vizuri, na bado yanaoteka kwa kata na kunywewa! Baba alikuwa akitawadha pale pale ukingoni na kusema kwamba mtu wa hapa hana udhuru wa kuchelewa swala.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba maji yale hayapwi. Sisi watoto wa pwani saa yetu ni maji: yakipwa twaenda kuokota makome, yakijaa twaogelea, bamvua ikija twakatazwa. Kule asubuhi na jioni ni pale pale. Nikachomeka kijiti ukingoni, na kwa wiki tatu kijiti hakikusogelewa wala kukimbiwa. Ami akaniambia, "Mwanangu, hili haliendi mahali. Ukiliacha hapa utalikuta hapa."

Jambo moja lilitufanya tujione kwetu, nalo ni vyombo. Wavuvi wa Kijaluo walitweka tanga la pembe tatu sawa na la dau, na baadhi ya mitumbwi yao ya mbao ilishonwa kwa kamba, kama bibi alivyokuwa akitusimulia juu ya mitepe. Kuoga tulioga kwa masharti. Penye majani marefu ni marufuku, kwa ajili ya konokono wa kichocho na mamba; na magharibi ikiingia, ndani, kwa kuwa kiboko hupanda nchi kavu kula nyasi, nasi tukimsikia akipumua nyuma ya ukuta.

Ama samaki, aliyekuwa mfalme ni ngege. Mama alimpika kwa nazi za kikapuni, na mke wa ami, ambaye mwanzoni alicheka kuona samaki akitiwa "maziwa", mwaka wa pili alituletea salamu mapema: nazi zisisahauliwe. Kamongo hakuingia chunguni mwetu. Ni samaki mrefu anayevuta hewa na kuweza kukaa matopeni miezi wakati wa kiangazi. Baba na ami walijadiliana jioni nzima kama ni samaki au ni mnyama wa nchi kavu na majini, mama akakata shauri kwa kusema kwamba sufuria ni yake.

Kisha ikaja ile mvua ya mwisho wa 1961, iliyofurisha hata Mto Tana. Agosti 1962 nilihesabu hatua kumi. Agosti 1963 maji yalikuwa yamelowesha ukuta, na ami alikwisha vua boriti za paa. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili. Ami akahamishiwa Mwanza, na likizo zetu zikakoma.

Nilirudi mara ya kwanza mwaka 1986, baba na ami wote wamekwisha kufariki. Sokoni niliona mbuta, samaki mkubwa kama mtoto, ambaye aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 kwa tamaa ya kukuza uvuvi. Uvuvi ulikua kweli, na viwanda vya minofu vikaja. Lakini mbuta alikula samaki wadogo wa asili kwa mamia ya aina, na ngege akawa haba. Kusema alikwisha kwa mbuta peke yake si haki. Nyavu zilikuwa zimemwandama tangu zamani.

Mwaka 2020 binamu yangu alinipigia simu kwamba ziwa limefikia tena kimo cha 1964 na watu wanahama ukingoni. Miaka miwili baadaye niliwapeleka wajukuu Kisumu. Hotelini tuliagiza ngege, tukaletewa samaki mzuri, mnene. Nilipoonja nikamwita mpishi. Akacheka, akasema, "Mzee, jina ndilo lililobaki. Huyu ni mwingine, wa kutoka Mto Nile. Yule wenu utampata Kanyaboli, ziwa dogo upande wa Siaya, ambako mbuta hakuingia."

Nikamwuliza gari la Siaya laondoka saa ngapi.