Maleba: Kazi Inayoanza na Usomaji

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa wa karatasi ya tatu ya Kiswahili, neno maleba tunalifahamu: ni mavazi maalum anayovaa fanani au mwigizaji ili kuafikiana na nafasi anayoiwakilisha. Tunalikariri na kuliandika katika mtihani. Lakini je, tumewahi kujiuliza maleba hayo huchukua muda gani kutengenezwa? Makala haya yananuia kuonyesha kuwa maleba huanza kwa uhakiki kabla ya kufika kwa fundi, na kwamba anayeyaharakisha huweza kuigeuza maana ya mchezo wenyewe.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka mmoja nikiwa mlezi wa chama cha drama shuleni, nilishughulikia mazungumzo na miondoko kwa wiki nyingi, mavazi nikayaachia siku tatu za mwisho. Suruali ya askari ilikatwa bila kumpima mvulana aliyepaswa kuivaa. Alipoinama kumfunga mfungwa kamba, ikapasuka. Ukumbi uliangua kicheko katika onyesho lililopaswa kuwaliza watazamaji. Wanafunzi hawakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

1. Soma kabla ya kukata

Tuchukue mfano wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kusini mwa Tanzania ya leo, wakati wa utawala wa Wajerumani. Wanavijiji walilazimishwa kulima pamba. Mhakiki makini atauliza: anayelimishwa pamba kwa nguvu avae nini jukwaani? Kaniki au merikani iliyochakaa, vitambaa vilivyoletwa kutoka ng'ambo, vitamfaa. Askari naye avae sare nzima ya kaki. Hapo mgogoro utaonekana kabla mtu hajafungua kinywa.

Aidha, masimulizi ya wazee kuhusu Kinjeketile yanaeleza kuwa alizama majini, akatoka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu, zimefungwa vile vile. Basi vazi lile ndilo ushahidi. Mwigizaji akitoka na vazi jingine, hadhira haitaona muujiza. Itaona mtu aliyebadili nguo.

Kanga pia zina mtego. Jina la kanga lililochapishwa kwa herufi za Kirumi, tena kwa usemi wa siku hizi, litamtoa mtazamaji mwaka 1905 na kumrudisha sokoni leo.

2. Piga hesabu ya muda

Tuseme una waigizaji 12. Ikiwa kila vazi litahitaji saa 3 za kupima, kukata na kushona, hizo ni saa 36. Fundi anayepata saa 2 kila siku baada ya masomo atahitaji siku 18, yaani karibu wiki 4 za shule. Hapo hatujahesabu kununua wala kurekebisha. Hivyo basi, ratiba ya wiki 7 inafaa:

Wiki ya 1: Soma tamthilia yote. Andaa jedwali la mhusika, onyesho, vazi, na mahali anapobadili nguo.
Wiki ya 2: Pima kila mwigizaji, nunua kitambaa, kifue. Kitambaa cha pamba hupungua kikifuliwa, kwa hiyo usikikate kabla. Ukitaka merikani mpya ionekane kuukuu, iloweke katika chai ya rangi iliyokolea.
Wiki ya 3 hadi ya 6: Shona, ukianza na mavazi magumu kama sare.
Wiki ya 7: Fanya mazoezi mkiwa mmevaa. Mwigizaji ainame, akimbie, aanguke. Panapobana pafumuliwe sasa, si jukwaani.

3. Faida kwa mtahiniwa

Huenda usishone hata kifungo. Hata hivyo, ukiulizwa ueleze umuhimu wa maleba, usiorodheshe tu. Eleza kuwa maleba humtambulisha mhusika na tabaka lake, hudokeza wakati na mahali, hujenga ishara, humsaidia fanani kuingia katika nafasi yake, na huvutia hadhira. Kisha utolee kila hoja mfano. Aliyewahi kujiuliza Kitunda avae nini shambani hakosi mfano.

Ikumbukwe kuwa tamthilia iliyo kitabuni haina nguo. Msomaji ndiye anayewavisha wahusika kwa kufuata mazungumzo na maelezo ya jukwaani. Akisoma kwa pupa, atawavisha visivyo, nasi wahenga walikwisha kutuonya kuwa haraka haraka haina baraka.

Zoezi

Chagua onyesho moja katika tamthilia mnayoisoma darasani. Pendekeza maleba ya wahusika wawili, na uthibitishe kila pendekezo kwa ushahidi kutoka kwa tamthilia. (alama 10)