Sura ya 4: Hesabu Kwanza

Watu wanaoanza kusikiliza jazi ya piano hunijia na maelezo yale yale, na mengi kati yake si kweli. Kabla sijataja rekodi yoyote ya kuanzia, sina budi kuyakanusha.

Wapo wanaoamini wameshaijua jazi kwa kuwa wamekua wakisikiliza Morogoro Jazz, Western Jazz au OK Jazz ya Franco. Bendi hizo zilipiga dansi na rumba, tena kwa ustadi mkubwa, lakini jina halikuzifanya kuwa bendi za jazi. Aliyelelewa nazo ana sikio zuri la gitaa. Asikate tamaa tu akiikuta piano ya New York inakwenda njia nyingine kabisa.

Wapo wanaoiita jazi muziki wa mapokezi ya hoteli, wa kupigwa chinichini watu wakinywa chai. Siku hizi kosa hilo limezaa biashara: rekodi za saa nzima za jazi ya kusomea, ya kulalia, ya kumwongezea akili mtoto aliye tumboni, hata ya kuponya maradhi, eti kwa sababu noti ya A imeshushwa kutoka mitetemo 440 kwa sekunde hadi 432. Huu ni upuuzi. Kiwango cha 440 ni makubaliano tu, ili ala zinazopigwa pamoja zisigombane. Hakina dawa wala sumu ndani yake, na 432 vilevile. Anayekuuzia muziki wa namna hiyo anakuzoesha kutousikiliza, na hapo ndipo anapokudhulumu.

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote: kwamba mpiga jazi anabonyeza chochote kinachomjia kichwani. Nilikusudia kulijibu kwa kupitia wapiga piano sita kwa zamu, kuanzia James P. Johnson wa Harlem hadi Keith Jarrett, kila mmoja na aya yake. Lakini nikifika kwa Thelonious Monk siwezi kupita haraka, kwa sababu yeye ndiye aliyeandamwa na uongo huo maisha yake yote, na rekodi yake moja inatosha kuuvunja.

Rekodi hiyo ni "Blue Monk" ya Septemba 1954. Monk yuko kwenye piano, Percy Heath kwenye besi, Art Blakey kwenye dramu. Tafuta hiyo hasa, maana Monk aliurekodi wimbo huu tena na tena. Sasa hesabu. Mapigo manne ni kipimo kimoja: moja, mbili, tatu, nne. Usimfuate Monk kwa kuhesabu, mfuate Heath, kwa sababu besi ndiyo inayotembea pigo kwa pigo. Vipimo vikifika 12, yaani mapigo 48, mzunguko umekamilika na mwingine unaanza papo hapo. Hiyo ndiyo bluzi ya vipimo 12, na wimbo mzima umejengwa juu yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Ndani ya mzunguko kuna safari. Vipimo vinne vya kwanza viko nyumbani, ingawa katika "Blue Monk" kipimo cha pili huchungulia nje kidogo kisha hurudi. Kipimo cha tano hutoka kweli: sikiliza msingi wa sauti ukihama, hata kama huwezi kusema umehamia wapi. Cha saba kinarudi nyumbani. Cha tisa kinakwenda mbali zaidi, mahali penye mvutano ambapo sikio lenyewe linadai kurudishwa, na vipimo viwili vya mwisho vinalirudisha. Ukishauhisi mvutano wa kipimo cha tisa mara tatu au nne, hutahitaji tena mwalimu wa kukuonyesha ulipo.

Mada yenyewe ni fupi: noti chache zinapanda hatua ndogo ndogo, kisha umbo lile lile linarudiwa kutoka juu zaidi. Inapigwa, kisha Monk anaanza kubuni. Hapo ndipo msikilizaji mgeni husema ameanza kubahatisha. Endelea kuhesabu. Ananyamaza pale ambapo mwingine angejaza noti ishirini, anachukua kipande cha mada na kukigeuza, anagonga funguo mbili zinazopakana kwa mkupuo mmoja. Huyo hajakosea. Sauti ya bluzi anayoitafuta iko katikati ya funguo hizo mbili, na piano haina ufunguo wake. Mwimbaji huifikia kwa koo, na wapenzi wa taarabu asilia wanajua jinsi fidla inavyoteleza hadi noti za namna hiyo. Monk anazipiga zote mbili ili sikio lako liikamilishe iliyokosekana. Na wakati wote huo mzunguko haumponyoki hata mara moja.

Wala si ustadi wa piano pekee. Dramu zinapopewa nafasi, Blakey anaachwa peke yake, bila noti wala besi ya kumwongoza, na bado vipimo 12 vimo ndani ya anachopiga. Ndiyo maana wenzake wanajua pa kuingilia mada inaporudi.

Na Monk huyu ndiye aliyeambiwa hajui piano. Alifundishwa tangu utotoni, akiwa kijana alizunguka Marekani akimpigia mhubiri, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa mpiga piano wa kudumu wa Minton's Playhouse huko Harlem. Mwaka 1951 alinyang'anywa kibali cha kupiga katika kumbi za New York zinazouza pombe, na alipoirekodi "Blue Monk" bado hakuwa nacho. Jarida la Time lilimweka kwenye jalada lake Februari 1964, alipokuwa na umri wa miaka 46. Muziki wake haukuwa umebadilika. Masikio ndiyo yaliyochelewa.

Ukishaimudu hesabu ya 12, nenda kwa Erroll Garner, tamasha la Carmel, California, la mwaka 1955, linaloitwa Concert by the Sea. Garner hakujua kusoma noti. Mkono wake wa kushoto unapiga kila pigo bila kuyumba huku wa kulia ukichelewa kwa makusudi, na nyimbo nyingi hapo zina vipimo 32. Mwache Bill Evans, na rekodi yake ya ukumbi wa Village Vanguard ya Juni 1961, aje baadaye. Humo besi ya Scott LaFaro haitembei tena pigo kwa pigo, bali inajibizana na piano, na hesabu itakuponyoka. Usirudishe rekodi nyuma. Acha iendelee, ngoja mada irudi, kisha anza tena na moja.