Choo Cheusi Kama Lami: Usingoje Kesho

Mtu akikatwa na panga, damu huonekana na kila mmoja hukimbilia msaada. Damu ikivuja tumboni, mgonjwa huweza kukaa siku kadhaa akidhani amechoka tu.

Dalili
Damu inayotoka juu, yaani kwenye umio, tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba, hubadilika rangi njiani. Choo huwa cheusi, hunata kama lami na hunuka vibaya sana. Wengine hutapika damu, au matapishi kama mashapo ya kahawa. Damu nyekundu chooni mara nyingi hutoka chini: bawasiri, kuhara damu, au saratani ya utumbo mpana. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi. Mwambie mganga kama unavitumia.

Visababishi
Cha kwanza ni vidonda vya tumbo. Zamani lawama zote zilikuwa juu ya pilipili na mawazo. Mwaka 1982 madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria anayesababisha vingi kati ya vidonda hivyo.

Cha pili ni dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Wazee wengi huzinunua dukani na kuzimeza kila siku kwa ajili ya magoti, bila kujua kwamba huchubua tumbo.

Cha tatu ni kichocho cha tumbo, hasa kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria. Mayai ya minyoo huharibu mishipa ya ini, na mishipa ya umio huvimba hata kupasuka. Pombe nayo huharibu ini na kuleta hatari ileile.

Matibabu
Hospitalini mgonjwa huwekewa maji au damu kwa mshipa na hupewa dawa ya kupunguza asidi. Penye kipimo cha mpira wenye kamera, daktari huona panapovuja na huweza kupaziba. Bakteria hutibiwa kwa antibiotiki, maliza dozi.

Nyumbani
Anayetapika damu alazwe ubavu. Asipewe maziwa, mitishamba wala dawa ya maumivu. Akiona kizunguzungu au akitoka jasho baridi, damu nyingi imekwisha kupotea. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na ndugu wenye afya wafuatane naye, maana huenda wakahitajika kutoa damu.